Mtoto akilazwa kwa sindano, nani anamwangalia?

Ndugu vijana wa Beni, wa Butembo, wa Oicha, wa Mangina, wa Kasindi,

Leo hatuongei juu ya barabara, wala juu ya umeme, wala juu ya kodi za sokoni. Leo tunaongea juu ya sindano moja. Ile sindano mtoto anapigwa ili alale kidogo, wapate kunyoosha mkono uliovunjika, kusafisha kidonda cha kuungua, kupasua jipu, kumshona, kumtahiri. Kila mzazi wa hapa anaijua. Mama anaambiwa: « Usiogope, atalala tu kidogo. » Anamwona mtoto analegea mikononi mwake, kisha anaambiwa atoke nje angoje.

Swali letu ni moja, na tunaliuliza kwa kila mwenye cheo katika afya ya Kivu ya Kaskazini. Mtoto akishalala, ni nani anamwangalia? Anamwangalia na kifaa gani? Na siku mtoto hakuamka, jambo hilo linaandikwa wapi?

Tumeuliza watu wa kazi, tumesoma, tumeongea na wazazi. Jibu tulilolipata mara nyingi ni kuinua mabega. Ndiyo maana tunaandika.

Kulala kwa dawa si usingizi

Tuanze na jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mtoto aliyelala kitandani usiku, ukimziba pua kidogo, anageuka, analia, anaamka. Mwili wake unajilinda. Mtoto aliyelazwa kwa dawa anaweza kukosa ulinzi huo. Ulimi unarudi nyuma na kufunga koo. Mate au matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Koo linaweza kujibana ghafla na hewa isipite kabisa. Dawa nyingine, kama diazepamu, zinapunguza nguvu ya kupumua kwenyewe, na ukizichanganya mbili au tatu hatari inaongezeka.

Na mtoto hana akiba kama mtu mzima. Kwa kila kilo ya mwili wake anatumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, na mapafu yake ni madogo. Akiacha kupumua, oksijeni katika damu inashuka haraka sana. Dakika chache bila oksijeni zinatosha kuharibu ubongo. Hakuna muda wa kwenda kumwita muganga upande wa pili wa kiwanja.

Angalia tena kipimo cha dawa. Chupa ndogo ya ketamini ya mililita 10, ile yenye miligramu 50 kwa kila mililita, ina miligramu 500 ndani. Mtoto wa kilo 10, ikipita kwenye mshipa, anahitaji kati ya miligramu 10 na 20. Hiyo ni chini ya nusu mililita. Halafu kuko chupa zingine za dawa ileile zenye miligramu 10 tu kwa mililita. Mtu aliyechoka, aliye peke yake zamu ya usiku, asiyempima mtoto kilo bali anakisia kwa macho, anaweza kukosea mara 5 bila kujua. Hakuna ubaya wowote moyoni mwake. Ni uchovu, giza, na mizani ambayo haiko.

Sasa sikia upande mwingine. Hatari zote hizi zinajulikana, na karibu zote zinaweza kukamatwa mapema. Kuko kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kutoa mwanga mwekundu. Kinaitwa oksimetre. Kinaonyesha oksijeni ya damu na mapigo ya moyo, na kinaonyesha kushuka kabla midomo ya mtoto haijageuka rangi. Kingine ni ule mpira wa mkono wenye barakoa ya kumsukumia mtoto hewa. Hauhitaji umeme, hauhitaji mafuta ya jenereta. Unahitaji mkono wa mtu anayejua kuutumia, na barakoa ya saizi ya mtoto. Kisha oksijeni. Kisha mtu.

Mtu ndiye wa kwanza. Oksimetre ikilia katika chumba kisicho na mtu, inalia bure.

Dawa si adui yetu

Tunajua vile maneno yanavyotembea hapa kwetu. Kesho mtu ataandika kwenye WhatsApp kwamba vijana wanasema ketamini inaua watoto, wazazi wakatae sindano. Hapana. Hatusemi hivyo, na atakayesema hivyo kwa jina letu anadanganya.

Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (OMS) tangu mwaka 1985. Mwaka 2015 kulikuwa na mpango kwenye Umoja wa Mataifa wa kuibana kama madawa ya kulevya. Waganga wa anestezi wa nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, walipinga. Walisema wazi kwamba katika vijiji vingi vya dunia hiyo ndiyo anestezi pekee iliyopo, na ikikosekana watu watapasuliwa wakiwa macho. Walikuwa na haki. Mara nyingi ketamini inamwacha mgonjwa aendelee kupumua mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu imeokoa maelfu ya watu katika hospitali zisizo na mashine.

Mtoto aliyepigwa panga, mtoto aliyeungua na maji ya moto, mtoto aliyeanguka mwembeni, ana haki ya kutosikia maumivu. Kumshika kwa nguvu watu wanne huku akilia na kukatwa ni ukatili. Siye tunataka dawa iwepo, na iwepo kwa wingi.

Lakini sifa hii ya ketamini, kwamba ni dawa « isiyo na shida », imezaa uzembe. Kwa sababu mara 100 mtoto ameamka vizuri, watu wanaacha kumwangalia mara ya 101. Ketamini ni anestezi. Hata ikipigwa kwenye chumba kidogo cha kubadilishia bandeji, inabaki anestezi. Mwaka 2018 OMS pamoja na shirikisho la dunia la waganga wa anestezi, WFSA, waliandika kanuni za anestezi salama kwa nchi zote, tajiri na maskini. Mambo yaliyo katika daraja la kwanza, yale ya lazima, ni haya: mtu aliyefundishwa abaki na mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, oksijeni ya damu ipimwe bila kukatiza, na oksijeni iwe karibu. Hawakuandika « Kongo haihusiki ».

Watoto watatu walitosha

Kuko watu wanaofikiri usalama huu ni zawadi ya nchi tajiri, umetoka mbinguni pamoja na pesa zao. Si kweli. Hata Marekani waliulipia kwa vifo vya watoto. Tofauti yao na siye ni kwamba wao walihesabu.

Mwaka 1985 chama cha waganga wa watoto cha huko, American Academy of Pediatrics, kilitoa miongozo yake ya kwanza juu ya kulaza watoto kwa dawa. Kilichowasukuma ni habari za watoto 3 waliokufa katika kabine moja ya meno. Watatu tu! Hawakungoja mia.

Mwaka 2000 muganga Charles Coté na wenzake walikusanya matukio mabaya 95 ya watoto waliolazwa kwa dawa katika nchi hiyohiyo, wakayachambua moja kwa moja. Watoto 51 walikuwa wamekufa. Wengine 9 walibaki na ubongo ulioharibika milele. Walipotafuta sababu hawakukuta dawa moja mbaya. Aina zote za dawa zilikuwemo. Walikuta vipimo vilivyozidi, dawa zilizochanganywa, watoto wasiowekewa kifaa cha kuwaangalia, na watu walioshindwa kumsaidia mtoto kupumua pale shida ilipoanza. Walikuta pia watoto walioharibikiwa baada ya kuruhusiwa kutoka, njiani kuelekea nyumbani, ndani ya gari.

Ndugu, fikirieni hapo. Kwao ni kwenye kiti cha gari. Kwetu mtoto anayelegea bado anapakiwa kwenye pikipiki, amebanwa kati ya dereva na mama, kichwa kimeinamia kifuani, koo limekunjika, na barabara ni mashimo matupu. Mama anadhani analala. Nani amemwambia angoje mpaka mtoto aamke vizuri, aongee, anywe maji?

Na siye tunahesabu nini?

Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilitoa utafiti mkubwa juu ya watoto wanaopasuliwa Afrika, unaoitwa ASOS-Paeds. Hospitali 249 katika nchi 31, watoto 8,625. Wengi wao walikuwa na afya nzuri kabla ya kupasuliwa. Vifo vilikuwa 199, yaani 2.3 kwa kila 100. Tuseme ukweli wote: si anestezi pekee iliyowaua. Maambukizo ndiyo yaliyoongoza katika matatizo ya baada ya upasuaji, na wengi waliokufa walikuwa wameletwa kwa dharura. Lakini hospitali zilipoulizwa kama vyumba vyao vya upasuaji ni salama kwa mtoto mchanga, karibu nusu tu zilisema ndiyo.

Na hizo ni hospitali zilizokubali kuhesabu. Vituo vidogo vya mitaani havikuwemo. Mtoto aliyelazwa kwa sindano katika chumba nyuma ya duka la dawa, Mulekera au Bulengera, hayuko katika utafiti wowote. Akifa, wanaandika « malaria kali », au « upungufu wa damu », au hawaandiki kitu. Jioni maiti inaenda nyumbani, kesho yake mazishi, na maneno ni yaleyale: « Ni Mungu njo amependa. »

Siye ni watu wa imani, tunasali. Lakini tumechoka kuona jina la Mungu likitumiwa kama kifuniko. Mungu hakusema mtoto aachwe peke yake katika chumba. Mtu aliamua hivyo. Au tuseme, hakuna mtu aliyeamua kinyume chake.

Mimi ninayeandika nimeona kwa macho yangu. Nilimsindikiza jirani na mtoto wake wa miaka mitatu aliyeungua mguu, katika kituo ambacho sitakitaja hapa Beni. Walimpiga sindano, wakaanza kusafisha kidonda. Katikati akaletwa mjamzito anayetoka damu, na muuguzi alikuwa mmoja tu. Akatoka mbio. Alimwambia shangazi wa mtoto: « Bakia naye, uangalie kama anapumua. » Shangazi ni muuza ndizi. Ni yeye aliyeona midomo inageuka, akapiga kelele, muuguzi akarudi, akainua kidevu cha mtoto, hewa ikapita. Leo mtoto anakimbia. Muuguzi yule hakuwa mtu mubaya. Alikuwa na wagonjwa wawili na mikono miwili. Lakini kati ya mtoto yule na kaburi kulikuwa macho ya muuza ndizi, na Leta haikumlipa kwa kazi hiyo.

Majibu kwa wale watakaotujibu

« Kuko vita, nyinyi munaleta maneno ya oksimetre? » Ndiyo. Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajaisha katika eneo la Beni. Tumezika, tunaendelea kuzika. Na ni kwa sababu ya vita ndiyo watoto wengi wanafikishwa hospitali wakiwa na majeraha ya kushonwa, mifupa ya kunyooshwa, moto wa kusafishwa. Mtoto aliyenusurika panga porini asife mezani kwa kukosa mtu wa kumwangalia. Vita si ruhusa ya uzembe.

« Leta haina pesa. » Mwaka 2001, kule Abuja, wakubwa wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo iko mbali sana na ahadi hiyo mpaka leo. Oksimetre nzuri ya hospitali ni dola mia chache, na inatumika kwa watoto wengi sana. Mpira wa hewa na barakoa zake ni rahisi kuliko hapo. Tunaona magari yanayopita hapa mjini yenye vioo vyeusi. Hatutaki kusikia kwamba bei ya gurudumu moja imekosekana.

« Waganga wa anestezi hawako. » Ni kweli, na ni aibu. WFSA inasema nchi inahitaji angalau waganga 5 wa anestezi kwa watu 100,000. Kongo, yenye watu zaidi ya milioni 100, haifikii hata 1 kwa 100,000. Kwa hiyo kazi hii inabebwa na wauguzi, wengine wamesomea anestezi, wengine wamejifunza kwa kutazama. Lakini mafunzo mafupi yapo. Kuko kozi ya siku tatu inayoitwa SAFE, yenye sehemu yake juu ya watoto, na imefundishwa katika nchi nyingi za Afrika, hata ng'ambo ya Kasindi, Uganda. Magharibi ya Kenya, tangu mwaka 2013, wauguzi na wahudumu wasio waganga wa anestezi walifundishwa kutoa ketamini pale ambapo hakuna mtaalamu, kwa orodha ya ukaguzi mkononi, oksimetre kidoleni, na sharti kwamba anayetoa dawa hafanyi kazi nyingine yoyote wakati huo. Wataalamu wengine waliukosoa mpango huo, wakasema usije ukawa kisingizio cha kutosomesha watu kikamilifu. Wana haki kuonya. Lakini kati ya siku chache za mafunzo na sifuri, mtoto wa Oicha anachagua nini?

Na hapa kuko jambo linalouma zaidi. Vijana wenye diplome za uuguzi wako hapa, katika miji yetu. Wanaendesha pikipiki, wanauza yuniti, wanakaa nyumbani wakingoja tangazo la kazi lisilokuja. Upande mmoja chumba hakina mtu. Upande mwingine mtu hana kazi. Muuguzi aliyepo, mara nyingi hana mshahara wa Leta, anaishi kwa pesa wanayolipa wagonjwa. Halafu tunashangaa akiwa peke yake usiku.

« Munachochea watu wapige waganga. » Hapana, na hapa tunaongea kwa uchungu. Tunakumbuka Februari 2019, vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo viliposhambuliwa. Tunakumbuka tarehe 19 Aprili 2019, Docteur Richard Mouzoko, mtu wa Cameroun aliyekuja kutusaidia, alipouawa kwenye Cliniques universitaires du Graben. Ile ni aibu yetu sote. Anayerusha jiwe kwa muuguzi anarusha jiwe kwa mtoto wa kesho. Silaha yetu ni swali, na jina la anayepaswa kulijibu.

Ebola ilitufundisha kuhesabu

Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, dunia nzima ilijua jina la Beni. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Kila siku Wizara ilitoa hesabu: mji fulani, eneo la afya fulani, wangapi wapya, wangapi wamekufa. Hapa Beni tuliona vile vyumba vya plastiki ya kuonea ndani, mgonjwa amefungwa vifaa, na mtu amekaa nje anamwangalia saa zote. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kumwangalia mgonjwa ni kitu cha Ulaya, hakiwezekani chini ya mvua ya Beni. Kiliwezekana. Tulikiona.

Kama tuliweza kuhesabu Ebola kila jioni, tunaweza kuhesabu mtoto asiyeamka baada ya sindano. Ebola ilihesabiwa kwa sababu iliogopesha watu wa mbali, ingeweza kupanda ndege. Mtoto wa Mangina aliyekufa kwa koo kujifunga haogopeshi mtu yeyote Kinshasa wala Geneva. Ni lazima atuogopeshe siye.

Na swali dogo tu: vifaa vilivyoletwa wakati ule vikabaki, leo viko wapi, katika chumba gani, vinafanya kazi? Hatumshitaki mtu wizi. Tunaomba orodha.

Tunadai nini

Tangu Goma ianguke Januari 2025, serikali ya jimbo imehamia hapa Beni. Mwenye mamlaka hayuko mbali tena. Anatumia barabara hizi hizi. Kwa hiyo tunamwambia Gavana wa kijeshi, Divisheni ya Afya ya jimbo, na waganga wakuu wa maeneo ya afya:

1. Hakuna mtoto kulazwa kwa dawa bila mtu mmoja ambaye kazi yake wakati huo ni moja tu: kumwangalia mtoto huyo, tangu sindano mpaka aamke. Anayepasua asiwe ndiye anayeangalia.

2. Kila chumba ambamo watoto wanalazwa kwa dawa kiwe na oksimetre inayofanya kazi na kishikizo cha mtoto, mpira wa hewa na barakoa za watoto, oksijeni, na mizani. Kituo kisicho navyo kisimlaze mtoto kwa jambo linaloweza kungoja. Kimpeleke kwingine.

3. Kila hospitali kuu ya eneo la afya iwe na kaye ya sedasheni na anestezi: umri, kilo, dawa, kipimo, nani aliangalia, mtoto aliamka saa ngapi. Kifo chochote katika saa 24 kichunguzwe, familia iambiwe ukweli kwa lugha inayoielewa, na hesabu itangazwe kila miezi mitatu.

4. Mafunzo kwa wauguzi waliopo, na ajira kwa wale wenye diplome waliokaa bure. Wenye kufanya kazi hii walipwe.

5. Orodha ya vifaa vya afya vilivyobaki baada ya Ebola, ibandikwe mlangoni pa kila hospitali iliyovipokea.

Hatuombi hisani. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Na kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi kwa mwenye mamlaka, naye anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Wametuwekea état de siège tangu Mei 2021, mikutano yetu wanaitawanya. Lakini karatasi yenye sahihi haitawanywi kwa risasi hewani. Tunaandika ombi hilo. Litazunguka Beni na Butembo, mtaa kwa mtaa, mbele ya makanisa, misikiti, vyuo na vituo vya pikipiki. Litakapopokelewa tutaanza kuhesabu siku 90 hapa, hadharani.

Wakati tunangoja

Wewe unayesoma, una mtoto, au mdogo wako, au mtoto wa dada yako. Jambo linaweza kukukuta usiku wa leo. Shika haya.

Uliza kwa heshima, bila kugombana: « Muganga, nani atabaki naye mpaka aamke? Mko na oksimetre? Mumempima kilo? » Muuguzi mzuri hachukii maswali haya. Anafurahi kwamba mzazi anajua.

Sema ukweli juu ya chakula. Bibi akimpa mtoto uji kwa huruma asubuhi ya upasuaji, useme. Kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula, saa 4 tangu maziwa ya mama, saa 2 tangu maji matupu. Ikiwa ni dharura, muganga ataamua, lakini lazima ajue.

Sema kama ana mafua, kikohozi, pumu, kama anakoroma sana usiku, kama ameshapata shida na sindano ya namna hiyo, kama amekunywa dawa yoyote nyumbani, hata ya kienyeji. Usimpe mwenyewe dawa ya kumlaza kabla ya kufika.

Usimpakie kwenye pikipiki akiwa bado amelegea. Ngoja aamke, akujibu, ashike kichwa chake mwenyewe. Wakikuambia « nenda, kitanda kinahitajika », omba kukaa kwenye baraza, pale pale, karibu nao.

Na kama jambo baya limetokea kwenu, mtuandikie. Hatutatangaza jina lako wala la muuguzi. Tunataka umri wa mtoto, kilo kama unazijua, mahali, siku, na nani alikuwa chumbani. Mpaka Leta itakapofungua kaye yake, siye tunafungua ya kwetu. Ukurasa wa kwanza uko tayari.